Keki ya Bi Mwajabu na Mstari Mmoja

Mwenye hadithi kafika, waungwana, mpisheni kiti. Mwenye haraka atangulie, mwenye njaa avumilie, maana leo nitawatajia keki tangu mwanzo hadi mwisho na sitawapa hata chembe. Mko tayari? Basi itikieni, nisije nikawa naongea na ukuta.

Palikuwa na watu watatu huko Ngamiani, mjini Tanga, waliokuwa wakitengeneza keki za sikukuu za kuzaliwa katika nyumba moja ya barabara ya kumi na tatu. Duka hawakuwa nalo. Walikuwa na sebule, uwanja wa nyuma na friji moja yenye kelele. Lakini kila mmoja alijaliwa jambo lake.

Pili Mngazija alijaliwa moto. Alioka kwa mkaa, makaa machache chini ya sufuria na mengi juu ya mfuniko, na hakuwahi kufunua keki kabla ya wakati wake. Alikaa kwenye kigoda akanusa, akasema "bado", akanusa tena, akasema "tayari", na ikawa tayari. Wenye oveni za gesi walikuja kumwangalia wakaondoka wamenuna.

Kaniki alijaliwa macho na vidole. Zamani alikuwa akiandika vibao vya maduka. Siku hizi rangi zake ni za kuliwa. Mwonyeshe kitu mara moja, kiwe kiatu, kiwe trekta, kiwe sura ya mjomba wako, atakitoa kwa fondanti, ule unga wa sukari unaokandwa na kusukumwa kama chapati, hadi wewe mwenyewe uone haya kumkata mjomba kwa kisu.

Mhina alijaliwa mikono iliyotulia. Yeye ndiye aliyepandisha ghorofa moja juu ya nyingine. Alichomeka mirija minene ya plastiki ndani ya keki ya chini ili ibebe ya juu, kisha akaipakia keki nzima kwenye bajaji yake na kuifikisha kwa mwenyewe. Mashimo ya Ngamiani mnayajua, sina haja ya kuwasimulia. Kwa miaka sita hakuwahi kufikisha keki iliyoinama. Abiria alikuwa akiwarusha, hilo alikubali mwenyewe.

Hao ni watatu. Sasa nawaletea wa nne, ambaye hadithi hii ni yake.

Bi Mwajabu Hoza aliishi peke yake barabara ya kumi na tano, katika nyumba aliyoachiwa na baba yake. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa opereta wa simu. Wakubwa mtakumbuka, wadogo sikilizeni: zamani ukitaka kumpigia mtu ulinyanyua mkono wa simu, sauti ya mwanamke ikakwambia "Namba tafadhali", ukataja namba, naye akachomeka waya kwenye tundu la huyo unayemtaka. Pale Tanga sauti hiyo ilikuwa ya Bi Mwajabu. Aliunganisha wachumba, aliunganisha wagomvi, alipitisha habari za misiba na za watoto wachanga, akachomoa waya, akachomeka mwingine. Mji mzima ulimjua kwa sauti, na waliomjua kwa sura walikuwa wachache. Kisha ikaja mitambo inayojiunganisha yenyewe, yeye akarudishwa nyumbani na cheti na saa ya ukutani.

Mume alimpata, akamfia mapema. Mtoto hakujaliwa. Kaka yake mmoja alizikwa Muheza, na wenzake wa ofisini walitawanyika, wengine kwa watoto wao, wengine makaburini. Hakugombana na mtu, hilo mlijue. Upweke wake haukuwa na kisa. Ulikuja kidogo kidogo, mpaka ikawa akisema neno ndani ya nyumba yake anashtuka kulisikia. Majirani walimwamkia akipita, naye aliwaitikia vizuri, basi. Kulikuwa na wiki nzima ambazo "marahaba" ndilo neno pekee lililotoka kinywani mwake.

Ikafika mwezi wa pili, hospitali wakagundua uvimbe tumboni mwake. Daktari akapanga upasuaji, Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Nesi akampa fomu na kalamu.

"Hapa jina lako, bibi. Hapa sahihi. Na hapa jina la mtu wako wa karibu."

"Wa nini?"

"Wakifungua wakakuta uvimbe ni mkubwa kuliko walivyodhani, daktari atatoka mlangoni kuuliza: tuendelee au tufunge? Atakayejibu ni huyo."

"Naweza kuandika wawili?"

"Mstari ni mmoja, bibi. Wakiwa wawili watabishana, na wewe uko mezani."

"Basi nitaujaza nyumbani," akasema Bi Mwajabu, kama mtu mwenye majina mengi ya kuchagua.

Siku nne fomu ilikaa mezani chini ya kopo la sukari. Akila, aliitazama. Akipangusa meza, alipangusa pembeni yake. Kichwani alikuwa bado na namba za simu za nusu ya mji, namba za tarakimu tatu tatu, na hakuna hata moja ambayo ungeipiga leo ingeita popote. Siku ya tano akaona jina lake kwenye fomu na chini yake tarehe ya kuzaliwa, akagundua kwamba Jumamosi inayotangulia Jumatatu ile anatimiza miaka sabini.

Akapata wazo. Desturi mnaijua: mwenye siku yake akishakata keki humlisha mtu kipande cha kwanza, na huyo anayelishwa kwanza ndiye mtu wake, kila aliyepo anaona. Kuna waume walionuna wiki nzima kwa sababu mke alianza na mama yake. Basi Bi Mwajabu akasema moyoni: nitafanya sherehe. Nitaita mtaa mzima. Hata wakiondoka wote akabaki mmoja wa kunisaidia kukunja viti, huyo nitamlisha, na huyo nitamwandika. Ndivyo mwanamke mwenye akili zake alivyojikuta anaagiza keki ya ghorofa tatu.

Pili alimkaribisha sebuleni, akafungua daftari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nataka keki ya simu. Ile simu ya zamani, nyeusi. Ikae juu ya ghorofa tatu."

"Watu wangapi?"

"Sitini."

"Haya. Na ladha? Watu wako wanapenda nini?"

Bi Mwajabu akarekebisha mtandio wake. "Wanapenda keki," akasema.

Pili hakucheka. Alishawahi kuandika oda nyingi, na alijua kwamba mwanamke mwenye watu wake hujibu swali hilo kwa robo saa: nani hali tangawizi, nani anachomoa zabibu na kuzitupa chini ya kiti, mtoto wa nani akila chokoleti anatoka vipele. Kalamu yake ikasimama.

"Na zile ghorofa mbili za chini," akaendelea Bi Mwajabu akitazama zulia, "weka dami."

Dami ni boksi la povu linalovikwa sukari. Kwa macho ni keki, kwa mdomo ni godoro. Harusi kubwa kubwa mnazozisifia zimejaa dami, ila leo sikuja kuvunja ndoa za watu.

"Watu sitini kwa keki ya juu peke yake, mama? Haitawatosha."

"Itatosha, mwanangu. Nakwambia itatosha."

Mmeona? Mdomo wake ulialika sitini, lakini moyo wake ulishahesabu watano, na hao watano pia haukuwa na hakika nao. Pili akamtazama, akaandika kitu kwenye daftari, akalifunga.

Siku ya Jumanne, Kaniki akaenda kuiona hiyo simu. Ilikuwa juu ya stuli, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Alikuwa amepanga kukaa dakika kumi. Bi Mwajabu akaenda kuchemsha chai, na kikombe cha pili ilibidi kwanza akifute vumbi.

"Hii ilikuwa inapiga wapi, bibi?" Kaniki akauliza, basi tu, kwa kuvunja ukimya.

"Popote! Mbili tano nane, duka la mzee Shekue, fundi nguo wa hapo mbele. Kila Ijumaa alipiga Mombasa kuuliza vitambaa. Na mwanangu, hakuwa anauliza vitambaa."

Kaniki akacheka mpaka chai ikamwagika. Bi Mwajabu alikuwa amesahau kwamba anaweza kumchekesha mtu. Akamtajia nyingine, na nyingine: tatu sifuri moja, mkunga aliyekuwa akijibu simu kabla haijalia mara mbili, nne tisa sita, muuza mkaa aliyepayuka kana kwamba Korogwe watamsikia bila waya. Mtaa mzima ulipita pale sebuleni, namba kwa namba. Adhana ya alasiri ikasikika, Kaniki bado hajanyanyuka.

Alirudi Jumatano kuangalia rangi. Akarudi Alhamisi kuangalia rangi tena. Simu ilikuwa nyeusi, na tangu iondoke kiwandani haijawahi kuwa rangi nyingine.

"Na moja moja nne?" akauliza siku ile ya mwisho. "Umeitaja ukairuka mara mbili."

Bi Mwajabu akashusha sauti kana kwamba kuna mtu chumbani. "Ofisi ya stesheni. Alikuwepo karani mmoja pale, baadaye akawa mume wangu. Laini zikiwa kimya nilikuwa najiunganisha naye bila kuandika popote. Hilo sijamwambia mtu, na wewe usimwambie mtu."

Kaniki akatikisa kichwa kukubali. Bi Mwajabu alipomsindikiza hadi mlangoni alisimama pale mpaka mgongo wa kijana ulipokata kona, kisha akasimama kidogo tena.

Wiki hiyo hiyo alikuwa ameandika kadi sitini kwa mkono wake, mwandiko wa kiofisi, kila moja na bahasha nyeupe. Jumatano asubuhi alipita akizisukuma chini ya milango ya barabara ya kumi na tano, akarudi nyumbani ameridhika. Na hapo ndipo alipokosea. Nyinyi mnacheka, mmeshajua. Wakati wake kadi ilikuwa mwaliko. Lakini siku hizi, Ngamiani, bahasha nyeupe ikipenya chini ya mlango, ni nini? Mchango! Mchango wa harusi, mchango wa kicheni pati, mchango wa kipaimara cha mtoto usiyemjua. Watu huziona, huguna, huzisukumia nyuma ya televisheni bila kuzifungua, na mwenye kadi akipita wanazima taa. Hayo mtu huyajua kwa kukaa barazani na wenzake, na Bi Mwajabu hakuwa amekaa barazani na mtu kwa miaka ishirini.

Jumamosi ikafika. Viti vilikuwa arobaini vya kukodi, na uani palikuwa na turubai na meza yenye kitambaa. Bi Mwajabu alivaa gauni la zambarau ambalo hakuwahi kupata pa kulivalia. Kadi ilisema saa kumi kamili. Saa kumi kasoro robo Mhina akasimamisha bajaji, akashusha keki, akaiweka mezani. Haikuinama hata upana wa ukucha. Simu nyeusi ilikaa juu kabisa, na ghorofa zote tatu zilizungukwa na mwandiko mdogo mdogo wa sukari ambao Bi Mwajabu, bila miwani, aliudhani ni maua.

"Nzuri," akasema. "Nzuri sana, mwanangu. Kaa, wageni wako njiani."

Mhina akakaa. Saa kumi ikapita. Saa kumi na robo ikapita. Bi Mwajabu alinyoosha kitambaa kilichokuwa kimenyooka. Alihamisha kiti kimoja kutoka safu ya pili hadi ya kwanza, kisha akakirudisha. Saa kumi na nusu alisema, "Labda wameanza na swala," na wote wawili walijua swala ya alasiri imeshaisha na ya magharibi bado iko mbali. Jua la mwezi wa pili lilikuwa limeanza kuingia chini ya turubai.

Mhina akanyanyuka akavuka barabara kuomba maji kwa Fundi Shekue, mtoto wa yule Shekue wa vitambaa. Nyuma ya cherehani akaiona bahasha nyeupe, haijafunguliwa.

"Hiyo ni ya nini, fundi?"

"Michango, kaka. Kuna mwenye harusi hapo mbele, naona wameweka turubai."

Mhina hakunywa maji. Akarudi uani, akaikumbatia keki nzima, ghorofa tatu na simu yake, akaanza kutoka nayo.

"We! Unaipeleka wapi keki yangu?"

"Naizungusha, bibi. Wewe kaa."

"Mhina!"

Lakini bajaji ilikuwa imeshawaka.

Sasa nitawaomba mnyamaze kidogo, maana saa hiyo moja ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Viti arobaini, meza tupu, mwanamke wa miaka sabini ndani ya gauni la zambarau. Hata keki imeondoka. Alikaa kwenye kiti cha mwisho, kile cha kona, kama mgeni aliyekosea nyumba. Aliwaza fomu iliyo chini ya kopo la sukari. Aliwaza kuandika jina la kaka yake, kwa kuwa nesi asingejua kwamba amekufa. Aliwaza daktari akitoka mlangoni, akiita jina hilo kwenye benchi, akiita tena, na hakuna anayenyanyuka. Hapo ndipo alipolia, na alilia kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na wa kumsikia.

Huko nje Mhina alikuwa akienda mwendo wa kobe, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine nyuma umeshika ubao wa keki, akisimama mlango kwa mlango.

"Fungueni bahasha! Si mchango! Bibi wa watu ametimiza sabini, kaita mtaa mzima, amekaa na viti vitupu! Hana mtu! Fungueni bahasha, jamani!"

Milango ikafunguka. Bahasha zikatolewa nyuma ya televisheni. Mtaa mzima ukaingiwa na haya kwa pamoja, na hilo si jambo dogo mtaa ule. Mhina akashuka barabara ya kumi na tano hadi mwisho, akaipanda tena, mashimo yote mara mbili, juani, na mirija yake haikucheza.

Bi Mwajabu kwanza alisikia honi. Kisha akasikia sauti, na sauti ndizo alizozijua maisha yake yote. Huyo anayecheka kwa puani ni wa nyumba ya mkunga. Huyo anayepayuka ni mjukuu wa muuza mkaa, hakuna anayeweza kumkana. Aliwatambua kabla hajawaona, mmoja mmoja, akafuta uso kwa upindo wa mtandio na kusimama.

Waliingia kwa vichwa chini. Wengi, tuseme ukweli, walikuja kukaa dakika tano, wale, wapige makofi, waondoke na dhamiri safi. Pili na Kaniki walikuwa wameingia nao, wameitwa na kelele. Keki ikarudishwa mezani. Fundi Shekue akainama kuitazama simu, akainama zaidi.

"Mbili tano nane," akasoma. "Shekue, vitambaa, Mombasa kila Ijumaa." Akageuka. "Hii si namba ya baba?"

Basi wakasogea wote. Kaniki alikuwa ameandika mtaa mzima kuizunguka keki ile: kila nyumba, kila namba, na maneno machache ya kumkumbuka mwenyewe. Watu wakamtafuta babu, wakamtafuta mama, wakavutana mikono: njoo uone, na sisi tupo! Wakamgeukia Bi Mwajabu. Alikuwaje? Alikuwa anasema nini kwenye simu? Ni kweli Ijumaa ilikuwa ya vitambaa tu? Viti vikasogezwa kumzunguka. Hakuna aliyeondoka baada ya dakika tano, wala ya hamsini. Lakini msichana mmoja akasoma kwa sauti, "Moja moja nne, stesheni, laini ya moyo," na Bi Mwajabu akamgeukia Kaniki, "Si nilikwambia usimwambie mtu?", naye Kaniki akatazama viatu vyake.

Wakaanza kuimba. "Kata keki tule!" Bi Mwajabu akashika kisu, na ghafla akakumbuka. Watu waliojaa uani walikuwa wamepita sitini, na keki ya kweli ilikuwa ile ya juu, isiyomshinda mtu mmoja mwenye njaa. Aliwaita watu, wamekuja, na atawalisha povu. Akamvuta Pili kwa mkono.

"Mwanangu, nifanyeje? Wamekuja."

"Kata ya chini, mama."

"Ya chini si dami?"

"Kata."

Akakata. Kisu kikazama. Kikazama hadi kwenye ubao, laini, na harufu ya iliki ikapanda. Pili alikuwa ameoka ghorofa zote tatu, siku tatu mbele ya makaa, keki nzito ya kustahimili jua. "Ulipotaja sitini," akasema polepole, "niliona mtu anayetaja sitini lazima kuna mahali moyoni mwake anatamani waje. Nikaona wakija wasikute godoro."

Makofi yakapigwa. Bi Mwajabu akanyanyua kipande cha kwanza, na watu wakapiga kelele: "Mlishe! Mlishe mtu wako!" Akainua mkono mwingine mpaka kelele zikatulia. Kisha akawaambia yote: dami aliyoagiza, uvimbe, Jumatatu, daktari na mlango, mstari mmoja.

"Nitakayemlisha sasa," akasema, "ndiye nitakayemwandika."

Hakuhitaji kuwataja wale watatu. Pili asingeoka, wangekuja wakala aibu. Kaniki asingeandika, wangekula wakaondoka. Mhina asingezunguka, wasingekuja kabisa. Na uani kukawa na mabishano, kama ilivyo kawaida yetu.

"Pili," akasema mmoja. "Alimwamini kabla ya watu wote. Daktari akiuliza kama kuna tumaini, huyo ndiye wa kujibu."

"Pili aliambiwa dami, akafanya anavyotaka yeye! Kesho bibi atasema fungeni, yeye aseme endeleeni?"

"Basi Kaniki. Amekaa naye siku tatu. Nani anajua bibi anataka nini kama si yeye?"

"Na siri aliyopewa? Kaiandika kwa sukari, tumeisoma wote."

"Mwandike Mhina. Pale mlangoni unataka mtu wa kutenda, si wa kufikiri."

"Aliyezunguka mtaa mzima akitangaza kuwa bibi hana mtu?"

"Kikateni kipande mara tatu," akasema Fundi Shekue.

"Na mstari nao utaukata?" akajibiwa, akakaa.

Wale watatu hawakusema mimi, wala hawakusema yule. Lakini Bi Mwajabu aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Wote watatu walipiga hatua moja mbele kwa wakati mmoja, kisha wakaonana, wakasimama, kila mmoja akijifanya alikuwa anajipanga tu.

Akasimama pale na keki mkononi. Kukosa mtu alikuwa amekuzoea, alikujua kila pembe yake. Kuchagua mtu hakuwahi. Alitafuta mmoja, akapewa watatu, na yeyote atakayemlisha sasa, wawili watarudi nyumbani wakijua kwamba si wao. Na katika ua ule wote hakuna aliyejua kuliko yeye uchungu wa jina lisiloandikwa popote.

Hadithi yangu imefika hapo, nami simsukumi. Sukari inamdondoka vidoleni, na watu watatu wanamtazama midomo ikiwa nusu wazi. Jumatatu mlango utafunguka na mtu mmoja lazima anyanyuke kwenye benchi. Haya, nyinyi mliokaa kimya muda wote mkila kwa macho, semeni: kipande hicho kingekuwa mkononi mwako, ungemlisha nani?